Pembetatu Waliyoiita Yangu

Kati ya darasa langu na la Faustin palikuwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba, wa mbao zilizopakwa chokaa. Mimi nikifundisha integrali upande huu, yeye akifundisha integrali zilezile upande ule, nilisikia wanafunzi wake wakicheka. Wangu walikuwa kimya. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ukimya ule ni adabu. Baada ya wiki mbili nilijua ni usingizi.

Nyinyi wanafunzi na walimu vijana wa shule yetu mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi, niweke na ujanja mdogo mdogo wa kuwafaa darasani. Haya, naandika. Lakini mjue mapema kwamba anayewaandikia ni mtu mwenye wivu. Ualimu nimestaafu, wivu bado uko kazini.

Msionijua, mimi ni Silasi. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, ukimbizini, ndiyo maana Kiswahili changu kinawachekesha akina mama wa soko hapa Gisenyi, Rwanda. Wananiambia naongea kama redio. Faustin alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo, akarudi nchini mwaka uleule niliorudi mimi, akaoa vilimani Kanama na kulima huko. Tuliajiriwa wiki moja, wote kwa hesabu, wote madarasa ya juu. Mimi nilikuwa na shati la kupigwa pasi, mwandiko ulionyooka ubaoni, na karatasi ya fomula kumi na mbili niliyowakaririsha watoto kama sala. Faustin alikuwa na sweta moja ya kahawia na mwandiko wa kuku. Watoto walimpenda yeye, wakamletea maparachichi. Mimi sikuletewa hata ndizi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana humo ndimo ugomvi ulimo. Integrali ni kurudi nyuma: unapewa mteremko, unatafuta mstari uliouzaa. Mara nyingi si vigumu. Lakini kuna zile zenye kipeuo cha pili kilichokaa mlangoni, kama √(9 − x²), ukisukuma huku hakitoki, ukisukuma kule hakitoki. Dawa ni kuibadilisha x kwa muda. Unasema x ni 3 mara saini ya pembe fulani, tuiite thita. Ghafla kipeuo kinafunguka, kinakuwa 3 mara kosaini ya thita, unafanya hesabu yako kwa raha, halafu unarudi kwenye x uliyopewa. Kwenda, wengi wanajua. Kurudi ndiko kunakowashinda.

Wangu kuliwashinda kabisa. Walifika kwenye thita, wakaona jibu limetulia, wakapiga mistari miwili chini yake. Nilisahihisha mitihani kwa wino mwekundu hadi vidole vikabadilika rangi. Wa Faustin walirudi wote kwenye x, hata yule wa mwisho darasani. Nilitaka kujua siri yake, na sikutaka kumuuliza.

Siku moja nikajifanya nimeishiwa chaki, nikaingia kwake. Alikuwa ameleta mishingiriro mitatu kutoka Kanama, ile miti tunayoipandishia maharage. Miwili ameipigilia msumari ikafanya pembe mraba, wa tatu umeegemea, mrefu kuliko yote. Kwenye mti mmoja amefunga kitambaa cheupe: huo ndio x. Akaandika √(9 − x²) ubaoni kwa ule mwandiko wake, akauliza darasa:

"Bon. Muti murefu ni ya nani?"

"Ya tatu!" wakajibu.

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

"Juu tisa ndiyo inatolewa x!"

Msikilize vizuri, kwa sababu huu ndio ujanja wote. Ukiwa na 9 kutoa x mraba, mti mrefu ni 3, x ni mti wa kusimama, na kipeuo ndicho mti uliobaki. Ukiwa na x mraba kujumlisha 9, miti mifupi ni x na 3, na kipeuo ndicho mrefu. Hapo utatumia tanjenti. Ukiwa na x mraba kutoa 9, mrefu ni x mwenyewe, nawe utatumia sekanti. Huna haja ya fomula kumi na mbili. Unauliza swali moja: mti mrefu ni wa nani? Ukimaliza hesabu, unaitazama miti ileile, na kila saini, kosaini na tanjenti unaisoma pale kwa x. Ndiyo njia ya kurudi.

Kijana mmoja akaenda ubaoni, akaacha jibu lake kwenye thita. Nikafurahi, nikajiambia, kumbe na hapa wapo. Faustin akashika kiuno.

"We, sikia. Asubui umepita mupaka na jeton yako, umeenda Goma, umeuza nyanya. Sasa soko imeisha. Ndiyo unalala kule?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Nusu ya watoto wale mama zao walivuka mpaka kila siku na kikaratasi kile cha ruhusa, na walijua maana ya kuchelewa kurudi. "Umelala Goma! Umelala Goma!" Yule kijana akacheka pamoja nao, akaitazama miti, akarudi kwenye x. Sidhani kama aliwahi kusahau tena maishani mwake.

Nilitoka na chaki niliyopewa, na sikuwa naihitaji. Niliona wivu. Haukuwa wivu wa maparachichi. Nilimwonea wivu kwa kuwa kitu kile kilikuwa rahisi, na mimi sikukiona. Mishingiriro imejaa kila kilima kuanzia Kanama hadi Kanzenze, nimepita kando yake tangu nirudi nchini, na sikuona kitu ila maharage.

Kwa kuwa sikutaka kumwiga, nilitafuta cha kwangu. Nikashikilia C. Mnajua kwamba integrali haikamiliki bila jumlisha C mwishoni, kwa sababu mistari mingi ina mteremko mmoja, na ukirudi nyuma huwezi kujua ulianzia urefu gani. Mwanafunzi akisahau C, nilimkata alama bila huruma. Yangu niliiandika kubwa, na mkia mzuri. Wakaniita Mwalimu C. Halikuwa jina la kupendwa sana, lakini lilikuwa jina.

Likanigharimu. Alikuja mkaguzi, akakaa nyuma ya darasa langu na daftari lake. Nikachagua swali lile la √(9 − x²) ili nionekane bingwa. Na kwa kuwa Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa cha kuombea maji, na kufundisha kulikuwa kumehamia Kiingereza, niliacha chaki iseme. Nikabadilisha x. Nikabadilisha na dx, kwa sababu, vijana, dx ni pacha wa x. Ukimhamisha mmoja ukamwacha mwingine, nyumba haikai. Nikapata tisa juu ya mbili, mabano, thita jumlisha saini thita mara kosaini thita. Nikaona nafasi ya C yangu. Nikaiandika, mkia hadi chini ya ubao, nikapiga mistari miwili, nikageuka kumtazama mkaguzi.

Darasa likanong'ona. Kisha msichana mmoja wa mbele, mpole kabisa, akasema, "Mwalimu, umelala Goma."

Mkaguzi akataka kujua maana yake. Wakamweleza wote kwa pamoja, jeton, nyanya, miti mitatu, na kwamba ni maneno ya Mwalimu Faustin wa ng'ambo ya ukuta. Hivyo hata darasa langu lilikuwa limejifunza kwake, kupitia mbao zile! Mkaguzi akafunga daftari, akaenda kwa Faustin, akakaa huko saa nzima. Nikamsikia naye akicheka.

Jioni ile Faustin alinifuata kwenye chumba cha walimu. "Silasi, iko kitu kidogo tu. Hata mi nasahau. Ndiyo maana nachora pembetatu mbele ya kuanza, ku kona ya ubao, na sifuti mpaka mwisho." Alikuwa ananisaidia. Nilimwambia nina kazi ya kusahihisha.

Kesho yake nilipiga marufuku maneno "umelala Goma" darasani kwangu. Nilisema hesabu si soko.

Miaka ilivyokwenda, sauti ya Faustin ilianza kukwaruza, ikawa ya kunong'ona, daktari akamwambia achague kati ya chaki na koo. Akaondoka shuleni bila sherehe, akaenda kulima Kanama. Mtaniona mbaya, lakini nimeshaanza kusema kweli na sitaishia njiani: nilifurahi. Nilimsindikiza hadi langoni nikiwa na uso wa huzuni, na moyoni nikasema, sasa tutaona watacheka wapi.

Nikapewa na madarasa yake. Kabatini mwake nikakuta miti mitatu, kitambaa cheupe bado kimefungwa. Niliiacha siku tatu. Siku ya nne, somo lilipofika kwenye kipeuo, nikaitoa, nikauliza kwa Kiswahili changu cha redio, "Mti mrefu ni wa nani?"

Ikafanya kazi. Lo, ilifanya kazi mno! Wakaamka. Msichana mmoja aliyekuwa mgeni mwaka ule, Claudine, akainua mkono: "Mwalimu, hii umeitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipopotea. Jina lilikuwa mdomoni, neno moja tu. Nikasema, "Mwalimu mzuri hakosi njia." Claudine akaandika daftarini mwake. Sikusema uongo, na sikusema kweli, na wakati mwingine hiyo ni mbaya kuliko uongo, maana uongo mtu anaweza kukushika nao. Mwenzangu mmoja wa fizikia aliyeijua ile miti alinitazama kwa muda mrefu siku ile. Nikampa fanta. Akahamishwa mwaka uliofuata, na wengine wakahama, na pembetatu ikaanza kuitwa pembetatu ya Mzee Silasi. Nikaacha iitwe hivyo hadi nikastaafu.

Leo Claudine ndiye mkuu wenu wa shule. Majuzi alinipigia simu kwa furaha: chumba cha hesabu kinapakwa rangi, mchoraji atachora ile pembetatu ukutani, kubwa, na chini yake ataandika jina langu. "Mzee, tunataka watoto wajue imetoka kwa nani." Nikasema asante. Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti changu, chai ikapoa.

Nisingefanya lolote, nawaambia ukweli. Aliyeniharibia ni Ineza.

Ineza ni mmoja wenu, yuko kidato cha tano. Jumamosi mchana huja kwangu Mbugangari na wenzake wawili tukapiga hesabu barazani. Siku hiyo alikuja akiwa amegombana na simu yake. Swali lilikuwa moja gawanya kwa √(x² + 9). Yeye alikuwa amepata logi ya kipeuo gawanya kwa tatu, jumlisha x gawanya kwa tatu. Simu ilisema logi ya kipeuo jumlisha x, hakuna tatu popote.

"Mzee, simu iko na makosa ao mi?"

"Hakuna mwenye makosa. Ile kugawanya kwa tatu, ukiitoa nje ya logi inakuwa kutoa logi ya tatu. Hiyo ni namba tupu, haina x ndani. Imemezwa na C."

"Kwa hiyo C inameza kila kitu?"

"Inameza kile ambacho hakibadiliki."

Akachora pembetatu yake kwenye kona ya karatasi, akahakikisha. Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Sogokuru wangu, yule babu wa Kanama, naye anaijua hii. Nilimwonyesha. Akasema hii pembetatu ni ya Silasi, Silasi anaijua kumushinda."

"Sogokuru wako ni nani?"

"Faustin. Zamani alikuwa mwalimu, sauti ikaisha."

Mkidhani niliona aibu, mmenisifu bure. Nilichoona kwanza ni hasira. Nilikuwa nimemwibia, na yeye, badala ya kulalamika, ameifunga ile mali kwenye kanga akanizawadia! Hata katika kuibiwa alikuwa amenishinda.

Jumanne nikapanda gari la Kanama. Nilimkuta shambani, anapandishia maharage, sweta nyingine ila kahawia ileile. Sauti yake sasa ni upepo tu, inabidi umsogelee.

"Silasi! Karibu. Umenenepa, ni muzuri."

"Faustin, wanataka kuchora ile pembetatu ukutani shuleni."

"Ni muzuri."

"Wanataka kuandika jina langu."

"Bon, waandike."

"Unajua si yangu."

Akafunga kamba kwenye mti, akaikaza. "Mi niliifundisha miaka kidogo, koo ikakataa. We umeitembeza miaka yote ile. Muti ni ya mwenye iko na maharage."

"Gombana na mimi basi!" Nilimpigia kelele, mzee mzima, katikati ya maharage ya watu. "Nilikuonea wivu tangu siku ya kwanza. Nilifurahi sauti yako ilipoisha. Sema kitu!"

Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, akanyoosha mkono kuonyesha kilima kizima. "Mi nagombana na we juu ya miti? Angalia miti yenye iko hapa."

Mkewe akatuletea viazi, tukala. Nikadhani nimemaliza, nimeungama, nimesamehewa, naweza kwenda na jina langu. Nilipokuwa naaga ndipo akauliza, bila kunitazama:

"Na bado wanasema 'umelala Goma'?"

Maskini mimi. Ningeweza kusema ndiyo. Ineza angemwambia vinginevyo, lakini si hilo lililonizuia.

"Hapana," nikasema. "Niliikataza kauli ile. Kwa sababu ilikuwa yako."

Alirudi kwenye mshingiriro aliokuwa ameshaufunga, akaufungua, akaufunga upya. Kisha akaufungua tena. Miti hakuijali, kumbe. Watu wakiitumia inatosha. Lakini kile kicheko alikuwa amekitunza miaka yote hii, akidhani kiko bado darasani kinaendelea bila koo lake. Nami nilikuwa nimekiua mwenyewe, siku moja baada ya mkaguzi, kwa sababu kilinichoma.

Ndiyo maana naandika haya badala ya hadithi za kujisifu mlizotarajia. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na huyu hata hakuwa mnyonge.

Claudine mwanangu, nisamehe kwa lile jibu la siku ile. Swali lako lilikuwa zuri, mwalimu wako ndiye aliyekosa njia. Mchoraji akija, mwambie achore miti, si mistari, na kitambaa cheupe kwenye mti wa x. Aandike: Pembetatu ya Faustin. Na chini yake, kwa herufi za kusomeka hadi nyuma ya darasa: Usilale Goma. Halafu mleteni Faustin siku ya kwanza ya muhula, mmoja wenu aache jibu kwenye thita kwa makusudi, na nyinyi wengine mpige kelele zile hadi azisikie vizuri. Koo lake limeisha, masikio yake ni mazima.

Mimi nitakuja, nitakaa nyuma. Nitaona mnavyomchekea, na najijua, itaniuma. Nimejaribu kuutoa wivu huu kwa sala, kwa umri, hata kwa safari ya Kanama, na umebaki palepale, haubadiliki. Basi fanyeni nilivyowafundisha. Swali lilianza na Faustin, jibu lirudi kwa Faustin, na kilichobaki kwangu kiandikeni mwishoni: jumlisha C.